Kurasa Alizozishona Nyirahabimana

Mwalimu Kabagwira alipopewa chumba cha vitabu, hakujua kama amepandishwa au amewekwa kando. Direkta Kamanzi, mkuu wa shule, alimwita ofisini Jumatatu ya wiki ile shule ilipofunguliwa tena Kigali, mwezi wa kumi mwaka wa tisini na nne, akamweleza taratibu huku akipekua karatasi zilizolowa mvua ya miezi mitatu kisha zikakauka ngumu kama chapati za jana.

"Madamu, Kifaransa chako kinanitia mashaka," alisema. "Miaka ishirini na saba uliyofundisha Karagwe naiheshimu. Lakini siwezi kuwawekea darasa la sita mtu atakayewasomesha hesabu kwa Kiswahili."

"Kinyarwanda ninacho."

"Unacho cha mama yako. Watoto watakucheka." Yeye mwenyewe alikuwa amerudi kutoka Bujumbura miezi miwili tu iliyopita, na Kifaransa chake kilikuwa kimenyooka kama pindo la suruali yake. "Nenda kwenye chumba cha vitabu. Watoto watakuja kwako darasa moja moja. Kuna vitabu vya picha pale, vilivyosalia. Watazame picha. Sikuombi zaidi ya hilo. Wakae mahali wametulia, watazame picha."

Kabagwira hakubishana. Alikuwa na miaka hamsini, na tangu alfajiri alikuwa amekwisha panga foleni ya maji bondeni, amekwisha panda kilima cha Kimihurura na dumu la lita ishirini kichwani, amekwisha gawana maji hayo na familia mbili alizokaa nazo katika nyumba ambayo wote walijua si yao. Miguu ilikuwa imevimba mpaka kamba za viatu zilimwachia alama. Akaitikia, akachukua ufunguo, akaenda.

Chumba kilikuwa mwisho wa jengo. Madirisha hayakuwa na vioo. Yalizibwa kwa nailoni ya buluu ya mashirika ya misaada, na kila kitu mle ndani kilionekana kama kimezama. Rafu hazikuwapo. Mtu alizichanja kuni. Vitabu vilikuwa vimepangwa sakafuni juu ya matofali, na pembeni yake alichuchumaa mwanamke mwembamba, kitambaa kichwani, akishona mgongo wa kitabu kilichoachana.

"Karibu, Madamu," alisema bila kuinuka. "Ni vitabu ishirini na vitatu. Vilikuwa mia nne."

Ndivyo Kabagwira alivyomjua Nyirahabimana. Alikuwa mfagiaji wa shule ile tangu kabla ya vita, na kwa kuwa mkono wake ulikuwa mwepesi kwenye sindano, walimu wa zamani walimpa vitabu vilivyochanika avitengeneze. Shule ilipofunguliwa hakuna aliyemwita. Alikuja tu na ufagio wake, akaanza kufagia.

Kabagwira, kwa mazoea ya Karagwe ambako mwanamke mzima haitwi jina lake, alimwuliza, "Nikuite mama nani?"

Mwanamke yule alikata uzi kwa meno. "Niite Nyirahabimana," akasema.

Kabagwira aliona amekanyaga pasipokanyagwa. Akatafuta kiti, hakuna. Akakaa juu ya matofali.

Darasa la kwanza kuletwa lilikuwa la tatu, watoto arobaini na wawili. Walikaa chini, magoti kwa magoti. Wengine walizaliwa Kampala, wengine Bujumbura, wengine Bukavu, na walipozungumza wao kwa wao ilibidi kila neno lizungushwe mara mbili tatu kabla ya kumfikia wa mwisho. Na walikuwapo ambao hawakutoka kokote. Walikuwa hapa hapa. Hao ungewatambua kwa jambo moja: walikaa karibu na mlango.

Kabagwira alichagua kitabu kilichokuwa kizima kuliko vingine. Kilikuwa na picha kubwa za rangi na mstari mmoja mmoja wa Kifaransa chini, na kilimhusu mtoto mwenye kofia nyekundu anayempelekea bibi yake kuku. Alikishika juu, picha ikiwaelekea watoto, akaanza kusimulia kwa Kinyarwanda chake cha miaka ya sitini. Walimcheka kweli, kama Direkta alivyosema. Alipotaja neno la zamani la kikapu, mtoto wa kutoka Kampala aitwaye Arthur aliuliza kama hilo ni tusi. Kabagwira naye akacheka. Ilikuwa muda mrefu hajacheka, na mbavu zilimshangaa.

Mtoto wa kofia nyekundu akaaga nyumbani. Akapita sokoni. Akapita migombani. Kabagwira akafunua ukurasa uliofuata, na pale palikuwa na mto.

Ulikuwa mto mpana wa buluu uliojaza kurasa zote mbili. Mtoto alikuwa kwenye mtumbwi mdogo, kuku kamweka mapajani, na samaki walikuwa wakiruka pande zote.

Kicheko kilikatika. Kwanza Kabagwira alidhani wamependezwa. Kisha mvulana mmoja mwenye shingo ndefu, aliyeitwa Twizeyimana, akainuka, akawapita wenzake bila kumkanyaga hata mmoja, akaenda kuweka paji la uso ukutani. Msichana aliyekuwa karibu na mlango, Umuhoza, aliziba masikio kwa vidole kama vile picha ile ilikuwa na kelele.

"Samaki wakubwa hao," alisema Arthur, mate yakimtoka.

"Hao hawaliwi," mtoto mwingine akamjibu.

Kabagwira alikuwa anajua. Mwezi wa tano mwaka ule ule, upande wa Karagwe, watu waliacha kununua samaki sokoni, na hakuna aliyepita kutangaza kwa nini. Yeye mwenyewe alisimama kwenye ukingo wa mto Kagera na wanawake wengine, asubuhi moja na nyingine iliyofuata. Lakini kujua kwake hakukumsaidia. Alikuwa amesimama mbele ya watoto arobaini na wawili, ameshika mto juu kwa mikono miwili, wauone vizuri.

Akafunua haraka. Nyumba ya bibi, moshi, jua. Hakuna aliyetazama.

Watoto walipotoka, Nyirahabimana alikuja, akakichukua kile kitabu mikononi mwake, akaketi nacho karibu na dirisha. Alizifumba zile kurasa mbili zikawa ukurasa mmoja mnene, akazishona pembezoni kwa uzi mweusi, mishono midogo iliyolingana kama ya kitambaa cha altare. Kazi yote haikufika robo saa.

"Hivi mtoto atafika kwa bibi yake bila kupita hapo," alisema.

"Asante," Kabagwira akasema, na alishukuru kwa moyo wote.

Basi ikawa hivyo. Kila darasa lilipokuja na picha ikawaangusha, jioni yake picha ile ilifungwa. Palikuwa na kitabu cha mtu anayekata ndizi kwa panga, kikashonwa. Palikuwa na mbwa mkubwa mwenye ulimi nje, ambaye huko alikochorwa bila shaka alikuwa kipenzi cha nyumba. Naye akashonwa, kwa sababu watoto wa hapa walikuwa wamewaona mbwa wa Kigali wakinenepa. Palikuwa na picha ya reli ya Ulaya, na ubao mwekundu na mweupe uliolazwa kukata barabara ili garimoshi lipite. Mtoto mmoja wa darasa la pili aliitazama akasema polepole, "Bariyeri," jina la vile vizuizi vya barabarani ambako watu waliuawa, kisha akajikojolea. Picha ile ilishonwa mara mbili.

Kabagwira alizoea. Alijifunza kuruka bila kusita, sauti isikatike, mkono uzishike kurasa zilizoshonwa kwa pamoja kama vile ni ukurasa mmoja. Lakini kazi ilimchosha kuliko alivyotegemea. Hadithi zilikuwa na mashimo, na kila shimo ilibidi alizibe kwa mdomo wake. Mtu wa ndizi alikwenda shambani mikono mitupu akarudi na mkungu. Garimoshi lilifika mjini bila kukutana na barabara yoyote. Mchana alisimulia kwa madarasa matano, na jioni alipoteremka kilima alijikuta hana hata neno moja la kumwambia mtu, akapita wauza mkaa na salamu zao bila kuitikia, wakamwona ana majivuno. Usiku, kwenye kile chumba walichomgawia, alilala chali akitazama pembe za dari. Hakupenda kutazama mlango. Kwenye fremu yake palikuwa na vialama vya penseli, kimoja juu ya kingine, vya mtoto aliyekuwa akipimwa urefu, na vilikomea usawa wa kiuno chake.

Mwezi wa kumi na moja ulipofika nusu, vitabu kumi na vinne kati ya ishirini na vitatu vilikuwa na uzi mweusi.

Siku moja darasa la tatu lilirudi, na Arthur akaomba kile cha kuku. Kabagwira alisimulia. Nyumbani, sokoni, migombani, kwa bibi. Alipomaliza, Umuhoza, yule msichana wa mlangoni, alinyoosha mkono. Alikuwa na miaka tisa, na kwa wiki saba hakuwahi kuuliza kitu.

"Madamu, amevukaje?"

"Amevuka nini?"

"Mto."

"Alipita darajani," Kabagwira akasema.

"Daraja liko wapi?"

"Ukurasa wake umeharibika."

Umuhoza akainuka, akaja mbele. Hakuomba ruhusa. Alipapasa ukingo wa ule ukurasa mnene kwa kidole gumba, taratibu, kutoka juu mpaka chini, kama mtu anayepima thamani ya kitambaa.

"Haujaharibika," alisema. "Umeshonwa. Mama yangu alikuwa fundi cherehani. Huu ni mshono wa mkono, na aliyeushona anajua kazi."

Kwenye kona, Nyirahabimana alikuwa amesimama na ufagio, hafagii.

"Mto umo humu ndani," Umuhoza akaendelea. Sauti yake haikupanda. "Mnatuficha kitu tulichokwisha kiona."

Kabagwira alikuwa amefundisha miaka ishirini na saba. Aliwahi kuulizwa maswali magumu na wakaguzi, na mapadri, na mara moja na mkuu wa wilaya. Hakuna lililofanana na hili.

"Unataka kuuona?" aliuliza.

"Sijui," alisema Umuhoza. "Ila nataka usishonwe."

Kabagwira aligeuka kumtazama Nyirahabimana, kwa kuwa kazi ile ilikuwa ya mikono yake. Nyirahabimana aliusimamisha ufagio ukutani, akafungua kitambaa kiunoni, akatoa kipande cha sponji alichokuwa akichomekea sindano zake, akakiweka juu ya matofali. Kisha akatoka. Walimwona akikatiza uwanja, hakimbii wala haangalii nyuma.

Jioni ile Kabagwira hakuondoka upesi. Alikaa peke yake katika ile nuru ya buluu akavipitia vitabu vyote, kimoja baada ya kingine, akizihesabu kurasa zilizofungwa na kukumbuka kila moja ilimwangusha nani. Mto, Twizeyimana. Mbwa, wale ndugu wawili wa darasa la nne. Ubao wa reli, yule mdogo. Alikuwa akienda vizuri mpaka alipofika kwenye kitabu kidogo cha jalada la njano, na akasita. Hicho hajawahi kukisomea darasa lolote. Alikuwa na hakika. Hata hivyo kilikuwa kimeshonwa.

Alitafuta tena, akapata kingine, na cha tatu. Vitabu vitatu ambavyo hakuna mtoto aliyeviona tangu shule ifunguliwe, na kila kimoja kilikuwa na uzi. Akaviinua kwenye mwanga na kuchungulia kati ya mshono na mshono. Katika cha kwanza kulikuwa na watu mezani wanakula. Katika cha pili mama alikuwa akimsuka binti yake. Katika cha njano kulikuwa na kitanda, na watoto watatu wamelala chini ya blanketi moja, miguu ya mmoja imetoka nje.

Kabagwira alivirudisha mahali pake kwa uangalifu, kama vitu vya mwenyewe ambaye yuko njiani kuja. Wiki saba alikuwa akidhani amepata msaidizi wa kuwalinda watoto.

Nyirahabimana hakuja kesho yake, wala keshokutwa. Siku ya tatu Direkta Kamanzi aliuliza kwa nini uwanja una majani, na Kabagwira akasema mfagiaji anaumwa. Siku hiyo hiyo baada ya masomo akaulizia kwake. Alielekezwa bondeni, chini kabisa, ambako nyumba zilikuwa za udongo na nyingine zilikuwa udongo mtupu. Magoti yalimuuma kuteremka kuliko kupanda. Alimkuta Nyirahabimana amekaa kizingitini, anashona gauni la shule la mtoto wa jirani kutokana na pazia la maua.

"Umekuja mpaka huku na miguu hiyo," alisema Nyirahabimana.

"Nimekuja."

Akasogea, wakakaa wote wawili kizingitini. Ndani ya nyumba, nusu ya bati ilikuwa haipo, na pale palipokuwa wazi palikuwa pamefagiliwa.

"Nimeviona vile vitatu," Kabagwira alisema.

Nyirahabimana alishona mishono mitano, sita. "Nilijua siku moja utakifungua kile cha njano," akasema. "Nami nitakuwa pale pale nafagia, utakishika juu kama unavyovishika, na mimi nitakiona. Wangu walikuwa wakilala hivyo. Watatu. Wa kati ndiye alikuwa anatoa miguu."

"Ungeniambia."

"Kwa neno gani?" Hakusema kwa hasira, alisema kama mtu aliyechoka kuulizwa njia. "Ninyi mliorudi mlikuja na magodoro juu ya magari, Madamu. Mlikuja na ng'ombe. Mnaimba. Sisi tulikuwa tunawatazama mkipita tukajiuliza, hawa tutawaanzia wapi?"

Kabagwira aliyapokea maneno yale. Ilikuwa kweli kwamba waliimba. Walipovuka mpaka wa Rusumo lori zima liliimba, na yeye, aliyeikimbia nchi hiyo usiku akiwa na miaka kumi na sita, aliimba mpaka sauti ikakauka. Kisha akasema jambo ambalo alikuwa hajalisema kwa binti yake aliyebaki Bukoba, wala kwa padri.

"Mimi nilikuwa upande wa chini wa mto," alisema. "Uliowapita ninyi ulikuja kwetu. Tulikuwa wanawake kumi na mmoja. Wanaume walikuwa wakiwavuta kwa miti mirefu, sisi tunapokea. Siku ya kwanza tulihesabu. Siku ya pili tukaacha."

Sindano ya Nyirahabimana ilisimama.

"Mliwazika?"

"Tuliowafikia. Palikuwa na mtoto mwenye sweta ya njano. Nilimfunga sanda mimi. Huwa nafikiri kuna mtu mahali anamtafuta, na mimi ndiye ninayejua alipo, na sijui huyo mtu ni nani."

"Wangu hawakupelekwa mtoni," alisema Nyirahabimana. "Wangu wako hapa." Akaelekeza kwa kidevu, si mbali. "Claudine. Emmanuel. Mdogo aliitwa Fils, hatukuwa tumembatiza bado."

Jua lilikuwa limeshuka nyuma ya kilima na majirani wakaanza kuwasha mkaa. Nyirahabimana alimaliza pindo, akalikunja lile gauni la maua, akaingia ndani na kutoka na kikombe cha uji wa mtama uliopoa. Wakanywa kwa zamu.

Kabagwira aliposimama kuondoka alisema, "Vile vitatu nitakuletea. Vikae kwako."

"Ni vya shule."

"Vilikuwa mia nne. Direkta akiuliza, vitatu vilipotea vitani."

Asubuhi iliyofuata Nyirahabimana alikuwa uwanjani na ufagio kabla ya mlinzi kufungua lango.

Kufumua walifumua watoto wenyewe. Kabagwira aliwaita darasa la tatu, akawaambia ukweli mfupi: kwamba kurasa zilifungwa kwa sababu ziliumiza watu, na kwamba Umuhoza ameomba zisifungwe, na kwamba yeye anadhani Umuhoza amesema sawa. Asiyetaka kuona mto atatoka nje, na hakuna atakayemwuliza. Akampa Umuhoza pini. Msichana yule alifumua mshono mmoja mmoja, akivuta uzi kwa ustadi usichane karatasi, akauzungusha kidoleni maana uzi haukutupwa nyumbani kwao.

Kabla hajamaliza, Twizeyimana alisimama. Nyirahabimana akamshika bega, wakatoka pamoja na wengine wanne. Waliobaki walijikaza.

Umuhoza akafunua. Mto ulikuwa pale pale, mpana na wa buluu, na samaki wake. Safari hii aliyekishika kitabu hakuwa Kabagwira. Mtoto alikiweka sakafuni, katikati, na wenzake wakakizunguka, kila mmoja akikaribia kadiri alivyoweza.

Arthur alikuwa wa kwanza kusema. "Kwa nini siku ile mlisema samaki hawaliwi?"

Kabagwira alifungua mdomo amzuie. Akaufunga.

Umuhoza alimtazama yule mvulana wa Kampala muda mrefu. Kisha akamwambia. Alimwambia kwa maneno machache ya kawaida, kama mtu anayemweleza mgeni choo kiko wapi: nani walitupwa, walitupwa na nani, kutoka daraja gani. Alipofika kwa baba yake alisema "na baba," akaendelea. Mtoto mmoja wa hapa akaongeza jina la ndugu yake. Mwingine akasema wao walijificha kwenye mafunjo siku tisa. Msichana wa Bukavu, ambaye Kinyarwanda chake kilikuwa cha kuokoteza, alikuwa akimwuliza jirani yake kwa Kiswahili, "Anasema nini? Anasema nini?" na jirani akamtafsiria akimnong'oneza, mpaka naye akanyamaza.

Arthur hakulia. Masikio yake yalikuwa yamekuwa mekundu. "Mimi sikuambiwa," alisema. "Nyumbani walisema tu tunarudi kwetu." Kisha akasogea upande, akaacha nafasi, na mtoto mmoja wa hapa aliyekuwa akikaa karibu na mlango kwa wiki saba akaja kukaa hapo.

Kikao hicho hakikuwaponya. Wiki ile ile wawili walipigana uwanjani kwa sababu ya neno ambalo Kabagwira hakutaka kulirudia, na Twizeyimana aliendelea kutoka nje kila mto ulipofika, akirudi ukiisha. Direkta Kamanzi alipata habari ya kile kikao, akamwita Kabagwira ofisini.

"Nilikuomba watazame picha," alisema.

"Wamezitazama."

Kamanzi alivua miwani, akayasugua macho yake, na kwa mara ya kwanza Kabagwira aliona jinsi alivyokonda tangu mwezi wa kumi. "Wazazi watasemaje, Madamu?"

"Wenye wazazi watasema," alijibu. "Nitawasikiliza."

Hakumfukuza. Hakumsifu pia. Aliuliza vitabu ni vingapi sasa, akaambiwa ishirini, akaandika ishirini.

Mwezi wa kumi na mbili mvua ilikuwa ya kila siku. Alhamisi moja darasa la nne lilikuwa ndio kwanza limekaa iliponyesha ghafla juu ya bati, kubwa, kelele yake ikafuta kila sauti. Kabagwira alijaribu kusimulia, akaona midomo yake inahangaika bure. Akawaashiria watoto wachukue vitabu wenyewe, kimoja kwa wawili watatu. Wakavigawana. Baadhi walikwenda navyo mlangoni palipokuwa na mwanga zaidi, wakawa wanaelekezana picha kwa vidole, wakisukumana, wakifunua mbele na kurudi nyuma bila mpango wowote. Nyirahabimana alikuwa amekaa katikati yao, mtoto mmoja mzito ameegemea mkono wake wa kushonea, anamwonyesha kitu.

Kabagwira alivua viatu. Akavuta tofali, akaweka miguu juu yake, akaegemea ukuta. Mvua haikuonyesha dalili ya kukatika, na hakuna aliyemhitaji kwa muda huo. Akafumba macho.